Theluji imekulaza eyapoti ya Ulaya: nini unadai, nini hudai

Dada mmoja anayeishi Minneapolis, Marekani, kaniandikia maelezo marefu, nayafupisha. Alikuwa anatoka Dar mwezi wa kumi na mbili na mwanae wa miaka minne, tiketi moja, wanapitia Ulaya. Ndege ya kwanza ilitua vizuri tu asubuhi, theluji ikaanza, ya pili ikasogezwa, ikasogezwa tena, jioni ikafutwa. Kaunta wakamwambia mtoto ana pasipoti ya Marekani huyo anaweza kutoka kwenda hoteli, ila wewe mama mwenye pasipoti ya Tanzania huwezi hata kama una grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Wakalala kwenye viti karibu na geti na vocha ya chakula iliyotosha mkate na juisi. Kafika kwake siku mbili baadae, mabegi yakafuata baada ya siku tatu. Sasa kwenye grupu la WhatsApp kila mtu anamwambia anadai yuro 600 zake na 600 za mtoto, na kuna kampuni inataka kumsaidia kudai halafu ikate asilimia. Anauliza: kaka, hizo hela zipo kweli? Hoteli nilikuwa na haki nayo? Na mama yangu anakuja Januari, nimkatie tiketi ipi yasije yakamkuta haya?

Pole sana dada yangu. Mimi kabla ya kuingia kwenye biashara ya tiketi nilikuwa upande wa pili wa ile kaunta, kwa hiyo naijua hiyo foleni na najua pia yule binti aliyekuhudumia alikuwa anasoma majibu kwenye skrini ambayo hata yeye hayampendezi.

Tuanze na yuro 600 maana naona ndo zinakunyima usingizi. Hazipo. Na hazipo kwa sababu mbili, ya kwanza wengi wanaijua, ya pili hata mawakala wenzangu wengi hawaijui.

Sheria wanayokutajia kwenye grupu ni EC 261 ya mwaka 2004, ya Umoja wa Ulaya, ilianza kutumika Februari 2005. Inapanga fidia ya yuro 250 kwa safari fupi isiyozidi kilomita 1,500, yuro 400 kwa za katikati, na 600 kwa zile ndefu zinazopita kilomita 3,500. Ila shirika likithibitisha ndege imefutwa kwa jambo lisiloepukika, na theluji nzito inayofunga uwanja ni mojawapo, fidia inakufa hapo hapo. Hiyo ya kwanza.

Ya pili ni njia uliyopita. Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria wa Austrian Airlines ambaye tiketi yake ilikuwa moja, anatoka Chisinau kule Moldova, anapita Vienna, anaenda Bangkok. Mahakama ikasema anakotoka siyo Umoja wa Ulaya, anakoenda siyo Umoja wa Ulaya, Vienna ni mahali pa kubadilishia ndege tu, basi sheria hii haimhusu. Sasa wewe weka Dar pale penye Chisinau na Minneapolis pale penye Bangkok. Umeona? Na usidhani kwa vile tiketi yako ni ya kwenda na kurudi basi inabadilika, safari ya kwenda inahesabiwa peke yake na ya kurudi peke yake.

Kinachouma zaidi ni kwamba yule uliyekaa naye siti moja kutoka Dar, kama yeye alikuwa anaishia Hamburg na ndege ni ya shirika la Ulaya, yeye sheria inamhusu yote. Fidia asingepata kwa sababu ya theluji, lakini chakula, hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi hoteli ni lazima apewe, theluji isiwe theluji. Hili lilishamalizwa mahakamani Januari 2013: mwaka 2010 majivu ya ile volkano ya Iceland yalifunga anga, abiria wa shirika la Ryanair akakwama Ureno kama wiki nzima bila kuhudumiwa, shirika likajitetea kwamba hali ilikuwa ya ajabu mno, mahakama ikasema hata iwe ya ajabu kiasi gani mtu anakula na analala, na sheria haikuweka kikomo cha siku wala cha hela. Kwa hiyo ndugu zetu wa Ujerumani, Uholanzi, Sweden na kwingine mnaorudi makwenu baada ya likizo, ninyi msikubali kabisa kuambiwa "ni hali ya hewa hatuhusiki". Wanahusika. Ukinyimwa nenda kajilipie hoteli ya kawaida, siyo ya nyota tano, tunza risiti, dai baadae. Uingereza nao walibaki na sheria kama hiyo hiyo baada ya kujitoa.

Kuna kichekesho hapo. Ungekuwa umenunua tiketi mbili tofauti, ya Dar mpaka Ulaya na nyingine ya Ulaya mpaka Minneapolis, hiyo ya pili ingekuwa inaanzia ndani ya Umoja wa Ulaya na ungelindwa. Lakini tafadhali usije ukaanza kununua hivyo kwa sababu mimi nimesema! Tiketi mbili maana yake ya kwanza ikichelewa ya pili inakuacha na hakuna wa kumlalamikia, na mabegi mara nyingi inabidi uyatoe na kuyapeleka tena mwenyewe, ambapo ili uyafikie lazima uvuke uhamiaji, na viza huna.

Hiyo kampuni ya asilimia achana nayo. Siyo lazima wawe matapeli, nyingi zinafanya kazi halali, ila kwa kesi yako hakuna cha kukata asilimia.

Sasa ulicho nacho ni nini. Kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania imo na Marekani imo, huu unakuhusu moja kwa moja. Haulipi usumbufu, unalipa hasara uliyoingia kwa kuchelewa, yenye risiti, na shirika linaponyoka tu likionyesha lilifanya kila linalowezekana kuzuia hiyo hasara. Usiku wa kwanza wana hoja, theluji kila mtu aliiona. Ila wewe umesema ulifika siku mbili baadae, hapo mimi ndo ningebana. Hiyo siku ya pili uwanja ulikuwa unafanya kazi? Ndege nyingine za Marekani ziliondoka? Kama ziliondoka na wewe ukaachwa kwa sababu marubani hawapo au mfumo wao ulikuwa umevurugika, hiyo siyo theluji tena. Mfano mzuri ni shirika la ndege la Southwest kule kwenu Desemba 2022. Dhoruba ilipiga mashirika yote, wenzao wakarudi sawa ndani ya siku chache, wao wakaendelea kufuta ndege mpaka zikapita 16,000 kwa sababu mfumo wa kupanga wafanyakazi ulizidiwa, hawajui rubani gani yuko wapi, na mwaka uliofuata serikali ikawapiga adhabu ya dola milioni 140. Dhoruba ilianzisha ila dhoruba haikumaliza.

Kwa hiyo andika barua pepe fupi kwa shirika, tarehe, namba ya tiketi, walichokupa, ulichotumia, na uwaulize wakuandikie sababu ya ile ndege ya pili kufutwa na sababu ya wewe kuwekwa siku ile na siyo mapema zaidi. Usitaje EC 261, watakujibu kwa mstari mmoja kwamba haikuhusu na barua imeishia hapo. Taja Montreal na ambatanisha risiti. Kwenda mahakamani una miaka 2, ila kwa mabegi yaliyochelewa malalamiko ya maandishi yawe yamefika ndani ya siku 21 tangu uyapokee, kwa hiyo hilo fanya leo. Nguo ulizomnunulia mtoto, mswaki, koti, weka humo. Na kama ulilipia begi la ziada na uliripoti kwamba halijafika, sheria ya Marekani iliyoanza 2024 inataka urudishiwe hela ya begi likichelewa kupita muda fulani, kwa safari za kimataifa ni masaa 15 au 30 kutegemea urefu wa safari, siku tatu umeshapita mbali.

Halafu kitu ambacho watu wanasahau kabisa: tiketi mlilipia na kadi gani? Kadi nyingi za mkopo za Marekani zina bima ya safari kuchelewa na wenye kadi hata hawajui, inalipa chakula na malazi baada ya masaa kadhaa bila kujali ni theluji au nini. Piga simu benki uulize, muda wao wa kupokea madai huwa mfupi.

Tuje kwenye hoteli. Grinikadi inakuingiza Marekani, haikuingizi Ulaya, kwa hilo kaunta hawakukudanganya. Mtanzania na Mkenya wanaruhusiwa kupita eyapoti nyingi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, bila viza ilimradi wasivuke uhamiaji. Wenzetu wa Kongo wao hata kupita tu wanatakiwa viza ya eyapoti, isipokuwa wana vibali kama hiyo grinikadi yako. Sasa hoteli nyingi zinazotolewa kwa vocha ziko nje, basi inakupeleka, kwa hiyo wenye pasipoti za Ulaya na Marekani wanaondoka foleni inapungua halafu mnabaki ninyi mnaofanana, na mtoto wa miaka minne ambaye kisheria anaweza kwenda hotelini akiwa peke yake, sijui atamfunika nani.

Lakini milango miwili ilikuwepo. Mmoja, kuna hoteli ndani kwa ndani, kabla ya uhamiaji. Schiphol ya Amsterdam zipo, Frankfurt ipo, Charles de Gaulle ya Paris ipo, vyumba vichache na vidogo na siku ya theluji vinaisha mapema mno. Ndo maana mwenye mtoto au mzee asisubiri ndege ifutwe rasmi. Ikishasogezwa mara ya pili na nje unaona weupe mtupu, fungua simu tafuta chumba cha ndani ambacho unaweza kukifuta bure, shika. Ukiondoka salama umefuta, hujapoteza kitu.

Mwingine ni viza ya mpakani. Kanuni za viza za Schengen zinaruhusu polisi wa mpakani kutoa viza pale pale kwa dharura ambayo mtu hakuweza kuitabiri. Siyo haki yako, ni hiari yao, na ukienda mwenyewe kwenye kibanda ukasema naomba viza wanaweza kukurudisha. Inasaidia zaidi shirika la ndege likikuombea, kwa hiyo kaunta unamwambia taratibu: "Naomba msimamizi wako aongee na polisi wa mpakani, nina mtoto mdogo, grinikadi yangu hii, pasipoti ya mtoto hii, na bodingi pasi ya kesho hii." Hicho cha mwisho ndo kinachowatuliza, ushahidi kwamba kesho unaondoka. Wanaweza kukataa, hasa mkiwa mia mbili mnaomba, lakini nimeshaona mama wenye watoto wakipitishwa wakati foleni ya wanaume inaambiwa kaeni.

Ikishindikana vyote, uliza vitanda vya kukunja na mablanketi. Viwanja vikubwa vinavyo stoo, haviwi vya kutosha, na vinagawiwa kimya kimya, haitangazwi. Muulize mtu wa usafi, siyo wa kaunta. Nasema kweli, wao ndo wanajua vimewekwa wapi.

Nikueleze kidogo kwa nini ile ndege "ilisogezwa, ikasogezwa" maana watu wanadhani wanadanganywa. Ndege haiondoki ikiwa na theluji kwenye mabawa. Inamwagiwa dawa ya moto yenye glaikoli inayoyeyusha barafu, kisha dawa nyingine nzito, mara nyingi ya kijani, ya kuzuia mpya isigande. Hiyo ya pili ina muda wake, theluji ikiwa nyingi ni dakika tu, ndege ikikwama kwenye foleni ya kuruka muda ukaisha inarudi kumwagiwa upya. Wakati huo barabara ya kurukia inafungwa wakwangue, magari ya dawa yanahesabika, na marubani na wahudumu wana masaa yao ya kisheria ambayo yalianza kuhesabiwa tangu waliporipoti kazini, siyo tangu ndege iondoke. Masaa yakiisha wanashuka, hata theluji ikikoma dakika hiyo hiyo. Mara nyingi kufutwa kwa ndege jioni ni masaa ya wahudumu, siyo theluji yenyewe. Na viwanja vinatofautiana sana. Helsinki theluji kwao ni kazi ya kila siku, Heathrow ya London Desemba 2010 siku chache kabla ya Krismasi ilifungwa na watu wakalala chini siku kadhaa, Munich Desemba 2023 ilifungwa tangu Jumamosi mpaka Jumapili asubuhi, na Munich siyo wageni wa theluji.

Ukishaona imefutwa, usikimbilie foleni ya kaunta peke yake. Simama kwenye foleni huku simu iko mkononi. Apu ya shirika itakuwa imeshakupangia ndege nyingine yenyewe, mara nyingi mbaya, siku mbili mbele na wewe na mtoto siti tofauti. Usikubali haraka, na kubwa kuliko yote USIBONYEZE kitufe cha kurudishiwa hela. Ukibonyeza umefunga tiketi, kuanzia hapo siyo abiria wao, chakula hawakupi wala siti hawakutafutii, na tiketi mpya ya kununua siku hiyo utaiona bei yake utakaa chini.

Badala yake piga simu, na siyo namba ya nchi uliyopo maana hiyo abiria wote wanaipiga. Piga ofisi yao ya Dar au Nairobi. Msimu wa baridi Amsterdam iko nyuma ya Dar kwa masaa mawili, saa 12 asubuhi umeamka shingo imekaza huku Dar ni saa 2, ofisi ndo zinafunguliwa na simu haina foleni, mfumo wanaoutumia ni ule ule. Na usiseme tu "nataka Minneapolis". Sema nipe Detroit, nipe Atlanta, nipe Boston, halafu niunganishie ndani. Ukiwapa miji minne unawapa siti nyingi za kutafuta. Uliza pia kama wanaweza kukuhamishia shirika jingine, hawatakwambia wenyewe.

Mabegi sahau, siku kama hiyo kuyatoa haiwezekani, na ndo maana nawaambia wateja wangu dawa za sukari, za presha, pampasi, chaja na sweta vinakaa begi la mkononi. Watu wanapanda Dar joto kali wamevaa kandambili, koti liko chini kwenye begi kubwa pamoja na dagaa.

Sasa mama. Januari mimi nisingempitisha kaskazini mwa Ulaya kama kuna njia nyingine ya bei inayokaribiana. Doha au Dubai theluji haiko, Addis haiko. Istanbul watu wanadhani ni salama lakini Januari 2022 uwanja ulifungwa kwa theluji na abiria wakawa wanapiga kelele za kudai hoteli. Bado atashukia Marekani sehemu yenye baridi, Chicago kwa mfano, ila tofauti ni kubwa: Marekani hakuna kupita bila kuingia, kila abiria anapita uhamiaji uwanja wa kwanza anaotua. Akikwama Chicago ameshaingia nchini, anaweza kwenda hoteli yoyote au kwa ndugu. Ujue tu kwamba kwa theluji mashirika ya Marekani hayalazimiki kumlipia hoteli, hiyo ni ya mfukoni kwako, na usijitie ushujaa wa kumfuata kwa gari, ni mwendo wa masaa sita njia ikiwa kavu.

Mchagulie ndege inayotua Marekani asubuhi au mchana, ili ya ndani ikifutwa kuwe na nyingine siku hiyo hiyo. Ya mwisho ya usiku ikifutwa ni mpaka kesho. Nunua bima ya safari leo, siyo wiki dhoruba imeshatangazwa kwenye taarifa ya habari, hapo hawakulipi kwa hiyo dhoruba.

Na muombee huduma ya kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri lakini masafa marefu ya eyapoti yanamchosha, omba angalau masaa 48 kabla. Anakuwa na mtu wa kumfikisha geti hadi geti. Ukiamua kumpitisha Ulaya hata hivyo, hii inamlinda kweli kweli, kwa sababu sheria yao nyingine, ya mwaka 2006, ya abiria wenye shida ya kutembea, imetaja mpaka wanaopita tu, haijali anatoka Dar wala anaenda wapi. Mwandikie karatasi kwa Kiingereza, jina lake, namba yako, dawa anazokunywa na saa za kunywa, aiweke pamoja na pasipoti. Nitumie tarehe nikuangalizie za Doha, naona wiki ya pili ya Januari bei zinashuka kidogo.